Kidevu cha Fundi Kola

Wivu wa mwanamume juu ya mkewe ni habari ya kila siku, imeshasimuliwa mpaka imechuja. Lakini wa Flashi ulianzia kwingine. Kabla hajamshuku mkewe kwa mwanamume yeyote, alikuwa na donge naye la kazi. Na donge la kazi ni baya, jamani, kwa sababu ukinyang'anywa mke watu watakupa pole, lakini ukizidiwa ufundi na mke wako mwenyewe, ndani ya studio yako mwenyewe, pole hiyo utaiomba kwa nani?

Flashi si jina alilopewa na mama yake. Alipachikwa mtaani kwa ajili ya taa yake ya kupigia picha, taa kubwa iliyokaa juu ya kamera, ambayo ikiwaka mteja anatoka nje akipapasa ukuta. Ufundi aliupata kwa bwana mmoja mkali asiye na maneno mengi. "Mwanga uwe mgongoni kwako na usoni kwa mteja," alimwambia siku ya kwanza. "Mengine yote ni porojo." Flashi akaishika kanuni hiyo, hakuiachia tena. Ndani ya studio taa iliupiga uso wa mtu moja kwa moja. Nje aliwasimamisha watu wakilitazama jua, nao wakikunja sura kama waliokunywa dawa chungu, yeye anafoka, "Fungueni macho, mnaniharibia picha!" Picha zake zote zilikuwa ndugu: uso bapa, paji linang'aa mafuta, na nyuma ya kichwa kivuli cheusi kimebandikwa ukutani. Watu walizichukua hivyohivyo, maana mtaa mzima hapakuwa na mpiga picha mwingine.

Hata mke alimpata kwa picha mbaya. Alikuja binti mmoja kupiga picha ya kitambulisho, kesho yake akarudi nayo, akaiweka mezani.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Mimi nina pua. Huyu hana."

"Dada yangu, kamera haidanganyi."

"Basi yako haioni vizuri. Ipeleke kwa daktari wa macho."

Flashi alicheka mpaka akashika meza. Akampiga nyingine bure, nayo haikuwa na pua vilevile, na yule binti akacheka na yeye. Mambo yakaenda yalivyokwenda, wakaoana.

Sasa kuna neno moja la Flashi ambalo lazima nilitaje, maana ndilo lililomtia matatani. Alipenda kuwaambia wateja: "Uzuri wa picha haumo kwenye kamera. Kamera huchukua kilichomo moyoni mwa mpigaji. Mimi nawapiga kwa mapenzi, ndiyo maana mnatoka vizuri." Lilikuwa neno la biashara tu, la kumtuliza mteja anayeitazama picha yake kwa mashaka. Lakini mtu akirudia neno miaka na miaka, mwisho analiamini mwenyewe. Flashi aliliamini.

Mkewe alikaa stoo. Sisemi kwamba alifungiwa, la. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma chenye ngazi, makaratasi na viti vibovu, na hapo dirishani ndipo alipokuwa akikatia picha na kuzitia kwenye bahasha. Dirisha lile lilitazama ukuta mweupe wa nyumba ya jirani. Jua lenyewe halikuingia. Lilipiga ule ukuta kwanza, likapoa, ndipo mwanga ukaingia ndani taratibu. Huyu mama alikaa pale siku nenda rudi, na kila aliyekuja kuzungumza naye alimwona akiwa upande ule wa dirisha. Akagundua kitu: watu wale waliotoka wabaya kwenye picha za mumewe, wakikaa pale ni wazuri. Hakusema kitu. Alikuwa na mdomo, lakini aliujua wakati wake.

Siku moja Flashi ametoka kwenda kununua wino wa mashine, umeme ukakatika. Akaingia nesi mmoja wa zahanati ya jirani, ana haraka, anataka picha siku hiyohiyo. Taa haiwaki. Mke wa Flashi akamwambia, "Njoo huku." Akamkalisha kwenye kigoda, ubavu dirishani, akamwambia augeuze uso kidogo kuufuata mwanga. Upande wa pili akatundika shuka jeupe juu ya ngazi, ili lile shavu lililo mbali na dirisha lisizame gizani. Akamshika kidevu, akakisogeza kidogo tu, akabofya.

Umeme uliporudi Flashi aliikuta picha kwenye kompyuta. Akaikodolea.

"Upande mmoja una giza," alisema.

"Si giza, ni kivuli."

"Kivuli usoni kwa mteja! Mimi nimefundishwa kukifukuza."

"Ukikifukuza chote, pua itaanzia wapi? Uso una mlima na bonde, mume wangu. Mwanga ukija kutoka mbele unafukia yote. Ukija kutoka ubavuni unaona mtu."

"Sawa, mwalimu," Flashi akasema, akacheka. Lakini kicheko hicho kiliishia mdomoni, maana macho yake yalikuwa bado kwenye ile picha. Nesi alikuwa na kinyota kidogo cha mwanga ndani ya jicho. Flashi alikuwa amempiga nesi yuleyule mara kadhaa na hakuwahi kukiona.

Nesi akarudi na wenzake. Wenzake wakarudi na dada zao. Mlangoni ikawa, "Mama Studio yupo?" Flashi anasimama, ananyoosha shati, "Karibuni, mimi nipo," nao wanamwambia kwa adabu kabisa, "Asante kaka, tunamsubiri Mama Studio." Mama Studio! Studio ni ya nani? Kibao cha mlangoni kimeandikwa na nani? Na yeye sasa ni nani, Baba Stoo? Roho ilimuuma, na wala sitatafuta neno la kuipamba. Alimwonea mkewe kijicho, tena kijicho kile cha mtu anayekula sahani moja na mtu anayemwonea. Usiku na mchana alitafuta siri. Alikagua namba za kamera, akachunguza lenzi, akauliza kwa kuzungukazunguka. Mkewe hakumficha hata kidogo. "Ni dirisha tu," alimjibu kila mara. "Njoo nikuonyeshe."

Kwenda, hakwenda. Angekwenda siku ile, mimi leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Mkabala na studio palikuwa na fundi cherehani, mwanamume mjane, mcheshi, aliyeitwa Fundi Kola kwa sababu kola zake husimama hata mwenye shati akiwa amelala. Kazi yake nzuri, sura yake mtihani. Alikuwa na shingo ndefu na masikio mawili yaliyotoka nje kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi. Mwenyewe alijua na alijitania. Akataka picha kubwa ya kuweka mlangoni kwake, wateja waone fundi ni nani. Akavuka barabara, akamkuta Mama Studio peke yake, akapigwa.

Flashi aliporudi, picha iko kwenye kompyuta. Alisimama nyuma ya kiti, mikono imening'inia, macho yamemtoka pima.

Yule si Fundi Kola. Yaani ni yeye, lakini siye yule wanayemjua. Uso umegeuka nusu, sikio moja limepotea, la pili limelala ndani ya kivuli kwa heshima zake. Shavu limeshika mwanga taratibu, jicho lina kinyota, mdomo unataka kucheka. Ni mwanamume ambaye ukimkuta sebuleni kwako unamkaribisha huku unamtazama mkeo anatazama wapi. Na hapo ndipo lile neno la biashara lilipomrudia Flashi kichwani. Kamera huchukua kilichomo moyoni mwa mpigaji. Kama mwenye masikio yale ametoka hivi, basi moyoni mwa aliyempiga mna nini?

"Ulimpiga Fundi," alimwambia mkewe jioni.

"Nilimpiga."

"Alikaa sana?"

"Alikaa mpaka picha ilipotoka."

"Ulimshika kidevu?"

"Nilimshika. Ningemgeuzaje, kwa kamba? Wateja wote nawashika kidevu."

"Wote?"

Mkewe akamtazama, akadhani anatania, akacheka. Flashi akakihesabu kicheko hicho kuwa ushahidi wa pili.

Kutoka siku hiyo hakuwa mtu tena, akawa mlinzi. Akahamia kwa kinyozi wa jirani, anakaa kwenye benchi nywele hazijaota, jicho liko ng'ambo. Fundi akipita na kusema, "Shemeji, habari za asubuhi!" Flashi anapima ile "shemeji" ilivyovutwa. Mkewe akijibu, "Nzuri, shemeji," anapima na hiyo. Picha nayo ikatundikwa mlangoni kwa Fundi, kubwa, ndani ya fremu, na kila apitaye anasimama. Kinyozi, ambaye hata nzi akipita lazima amtanie, akasema huku anasafisha wembe, "Bwana Flashi, umeiona ile picha? Mwanamume amepigwa akapigika! Aliyeipiga ile, nakwambia, anampenda."

Ulikuwa utani. Kinyozi alishausahau kabla hajamaliza kuusema. Flashi hakulala.

Asubuhi alichukua nyundo, misumari na ubao, akaziba dirisha la stoo.

"Kulikoni?" mkewe aliuliza.

"Wezi."

"Wezi gani wanapita kwenye nondo?"

"Wezi wa siku hizi wembamba."

Mama Studio aliutazama ule ubao, akautazama uso wa mumewe, akaanza kuelewa, na alipoelewa aliumia. Lakini wateja walikuwa wanangoja. Alibeba kigoda akakiweka karibu na mlango wa uani, mwanga unaingia kwa ubavu uleule. Basi, Flashi naye akaja na bisibisi akasimama katikati ya mlango.

"Mume wangu, unanizibia."

"Natengeneza bawaba."

"Ina nini?"

"Inalia."

"Haijalia."

"Italia."

Mteja kwenye kigoda alikuwa yule nesi wa kwanza. Alicheka, akifikiri wenye nyumba wanataniana. Mama Studio akamsogelea, akamshika kidevu amgeuze, na mkono ule kugusa kidevu ndio uliomaliza uvumilivu wa mtu. Flashi akaachia bisibisi ikaanguka sakafuni.

"Mwambie basi na nesi!" alifoka. "Mwambie unavyowashika wanaume videvu mchana kweupe! Mwambie Fundi Kola ulimpiga kwa mapenzi gani mpaka akapata sura! Mwanamke nimemtoa stoo, kumbe namfungulia njia!"

Nesi akatazama viatu vyake. Kuna maneno yakishatoka hakuna ufagio wa kuyakusanya, na Flashi aliyasikia mwenyewe yakianguka na bado, kwa kiburi, hakuinama kuyaokota. Mkewe aliiweka kamera mezani polepole, akamwomba nesi radhi, akaingia ndani.

Hakuigusa tena kamera. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, maneno hapana. Wateja walikuja wakauliza, "Mama Studio?" akawajibu, "Mwenye studio yuko pale." Wakapigwa na taa, wakatoka bila pua, wakaondoka wakinong'ona. Flashi alikuwa amerudishiwa kiti chake chote, na alikikalia kama kaa la moto. Hatimaye alishindwa, akamwambia mkewe, "Sema basi. Unampenda au humpendi?"

"Hilo ndilo unaloniuliza? Baada ya kunivua nguo mbele ya watu?"

"Picha inasema. Picha ile haiwezi kupigwa na mtu asiyependa."

"Ndivyo unavyoamini?"

"Ndiyo kazi yangu. Naijua."

Mama Studio akakaa sawasawa kwenye kiti. "Haya," alisema. "Wewe humpendi Fundi Kola. Humpendi hata kidogo, sivyo?"

"Namchukia."

"Basi mpige wewe. Dirisha lile, kigoda kile, shuka lile, umgeuze vile nilivyomgeuza mimi. Kama ni mapenzi yaliyoifanya ile picha, kwako atatoka kinyago. Akitoka kinyago, nitafunga nguo zangu mwenyewe niondoke. Usijisumbue kunifukuza."

"Na akitoka vizuri?"

"Ukifika hapo tutazungumza."

Flashi alikuwa amejiamini mpaka hapo. Sasa ndipo akaona alichokuwa anakitafuta: akiwa na haki, anaachwa. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, mtu huyu aliomba kimoyomoyo awe mjinga.

Kesho yake alivuka barabara. Fundi Kola akainua kichwa kwenye cherehani, akatabasamu, masikio pamoja naye.

"Fundi," Flashi alisema, akitazama pembeni, "ile picha nataka kuirudia. Ya bure."

"Kwani ina kasoro?"

"Nitaijua nikishairudia."

Fundi akacheka, akafuata. Stoo ilikuwa giza. Flashi akaanza kung'oa misumari, na Fundi kwa wema wake akamshikia ubao. "Wale wezi mmeshawakamata?" aliuliza. Flashi akang'oa msumari wa mwisho. Ubao ulipotoka, mwanga ukaingia kutoka kwenye ukuta wa jirani, ukamkuta Fundi amesimama, ukamshika shavu moja. Flashi akaliona, akageuka haraka.

Angeweza kumkalisha vibaya, hilo nalo lilimpitia. Angemweka katikati ya chumba, angemwinamisha kichwa, angeacha kutundika shuka, halafu akasema, "Unaona? Kinyago." Lakini Flashi alikuwa na wivu tu, hakuwa mlaghai wa kazi. Akakiweka kigoda ubavuni mwa dirisha. Akatundika shuka. Akarudi nyuma ya kamera, akachungulia, na kwa kuwa safari hii hapakuwa na taa ya kumfanyia haraka, ilimbidi atazame.

"Sogeza kigoda nyuma kidogo," alisema. Fundi akasogea. Kivuli cha pua kikarefuka kikakata mdomo. "Rudi mbele." Kikarudi, kikajikunja chini ya tundu la pua. "Geuza uso ukutani." Jicho likazima. "Geuza dirishani." Jicho likawaka. Alimgeuza tena ukutani, likazima, dirishani, likawaka. Alifanya hivyo mpaka Fundi akalalamika.

"Ndugu yangu, shingo hii si ya feni. Afadhali mkeo, yeye alinigombeza mara moja tu."

"Alikugombeza?"

"Si mchezo! Aliniambia natikisika kama nina upupu. Nikasema, shemeji nifiche masikio haya, akaniambia nikae kimya au nikapigwe na wewe." Fundi akacheka mwenyewe. "Mwanamke yule ana mdomo, wallahi. Nilitoka hapa natokwa jasho."

Flashi akamsogelea. Akanyoosha mkono, akakishika kidevu cha Fundi Kola. Kilikuwa kidevu tu, kina ndevu za jana, zinachoma. Akakisogeza kidogo, sikio moja likapotea. Akakisogeza tena, la pili likaingia kivulini. Akarudi kwenye kamera na moyo wake wote wa chuki, akabofya.

Akaitazama kwenye kioo cha kamera. Alikuwa ni yule yule mwanamume wa kukaribishwa sebuleni.

"Tutarudia," alisema kwa sauti kavu. Safari hii alijitahidi kumchukia kikamilifu. Alikumbuka kila "shemeji" aliyoisikia, kila kicheko, utani wa kinyozi, usiku aliokesha. Alimtukana moyoni matusi ambayo mimi siyarudii hapa. Akabofya huku meno yameumana.

Ile ya pili ilitoka nzuri kuliko ya kwanza.

Flashi akakaa chini, hapo hapo sakafuni, kamera mapajani. Fundi akashtuka, "Vipi, umepatwa na nini?" Naye akajibu, "Ni dirisha tu." Halafu akacheka, akafuta macho, akamshukuru Fundi kwa mikono miwili, mpaka yule bwana akavuka barabara huku anageukageuka nyuma.

Furaha ilimpeleka mbio mpaka jikoni. Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Ametoka vizuri," Flashi alisema. "Nimemchukia kwa nguvu zangu zote na bado ametoka vizuri. Nilikuwa mjinga, mke wangu. Nimekukosea, nimekuaibisha mbele ya nesi wa watu. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema mkewe, na vidole vyake havikusimama.

Flashi akasubiri neno zaidi ya hilo, halikuja. Akasimama akikuna kichwa, akitafuta neno la kuwarudisha walikokuwa. "Unajua," akasema, "wewe umempiga kila mtu mtaa huu. Mimi hujawahi kunipiga hata siku moja."

"Kila nikiinua kamera unanifundisha pa kusimama."

"Leo sisemi kitu. Twende unipige."

Mama Studio akakung'uta mikono, akamfuata stoo. Flashi akakaa kwenye kigoda, kimya kama alivyoahidi. Mkewe akasogeza shuka, akachungulia, akaja akamshika kidevu. Vidole vilinukia mchele. Flashi akafumba macho kidogo. Siku hizo zote alikuwa hajaguswa na mkono ule, na sasa alielewa alikuwa amewaonea wivu watu wote wa mtaa kwa kitu hicho kimoja.

"Fumbua," mkewe alisema, akabofya, akampa kamera aone.

Alikuwa mzuri. Hajawahi kujiona hivyo tangu azaliwe. Shavu limeshika mwanga, jicho lina kinyota, uso umetulia. Ukimtazama unasema, huyu bwana kwao anapendwa. Flashi akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka taratibu, maana alikuwa amelijua somo vizuri mno. Fundi Kola naye alikuwa na shavu hilohilo. Fundi Kola naye alikuwa na kinyota hichohicho, na alikipata kwa mtu aliyekuwa anamtukana. Mwanga uliomsafisha mkewe ndio huohuo uliomnyima yeye ushahidi. Angeitazama picha hiyo mpaka macho yamwume, isingemwambia kitu.

"Haisemi," alinong'ona.

"Haijawahi kusema," mkewe akajibu.

Akabaki na njia moja tu, ile waliyonayo watu wote wasio na kamera. Akaiweka kamera chini, akamtazama usoni. "Mke wangu, unanipenda?"

Mama Studio alikunja shuka, akalikunja tena.

"Ungeniuliza kabla hujapigilia ule ubao," alisema, "ningekujibu hata hujamaliza kuuliza."

"Na sasa?"

"Sasa inabidi nifikirie."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomkata maini. Mlangoni mtu akabisha hodi, sauti ya kike ikauliza kama Mama Studio amerudi kazini. Mkewe akaitika, "Karibu, pita huku!" Akachukua kamera, akamwambia mumewe ainuke, kuna mteja anataka kukaa. Flashi akainuka, akampisha, akasimama ukutani kusubiri.